Kuitengeneza nyumba ya marehemu mama bila kuiua

Masika mawili bila moto jikoni yanatosha. Mchwa hupanda nguzo kimyakimya, upepo hufunua bati moja, maji hupata njia, na siku mnayokwenda kumsomea mama hitma ya mwaka mnakuta ukuta wa uani umelala chini. Hapo ndipo wana hugawanyika. Mmoja anasema tubomoe tujenge ya tofali, mwingine anasema iachwe kama ilivyo, iwe kumbukumbu. Kwa njia zote mbili nyumba hupotea, ila ya pili huchelewa kidogo.

Haya ninayoandika ni ya nyumba za shamba za kwetu Muheza, mkoani Tanga, ambazo ukishuka Pangani au Bagamoyo, au ukivuka mpaka hadi Kwale nchini Kenya, utakuta ni ndugu moja: miti imesimikwa, fito zimefungwa, katikati udongo mwekundu, nje lipu ya chokaa, juu bati lililochukua nafasi ya makuti, na mbele baraza. Kama ya kwenu ni ya mawe au tofali za kuchoma, chukua hatua za mwanzo na za mwisho. Za katikati mtafute fundi wa huko kwenu.

Kazi hii nimeshaifanya kwa nyumba ya mama yangu. Nilianza kwa kuiharibu, tena yeye akiwa hai. Nitafika hapo.

1. Lipeni madeni yake kabla ya kununua hata msumari

Sisi tuliamini mama hadaiwi na mtu. Tulipopita dukani kuuliza kwa adabu tu, mwenye duka akatoa daftari: sukari kilo mbili, mafuta ya taa, na doti moja ya kanga aliyomkopea mjukuu wake siku ya maulidi. Mkwezi wa minazi naye alikuwa hajalipwa mzunguko wa mwisho. Piteni kote: dukani, kwa muuza samaki, kwenye upatu, kwa kinamama wa kikoba. Kwa Waislamu deni hutangulia wosia na hutangulia urithi, kwa hiyo fedha ya bati ambayo mtu anamdai mama si fedha yenu bado.

2. Jueni nyumba ni ya nani sasa

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayokuja kuwafikisha ndugu mahakamani miaka kumi baadaye, pale aliyetoa fedha ya mabati anaposema nyumba ni yake. Kaeni kikao cha familia, andikeni muhtasari, kila mmoja aweke sahihi. Chukueni cheti cha kifo, mwende na muhtasari huo Mahakama ya Mwanzo ya eneo alikoishi, mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Msimamizi si mrithi mkuu. Kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni na kugawa, na mahakama humpa miezi minne kurudisha orodha ya mali na hesabu yake.

Mkigawa kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa kiume ana mafungu mawili, wa kike fungu moja. Baba yenu akiwa hai ana robo, na wazazi wa marehemu, wakiwapo, sudusi, yaani sehemu moja ya sita, kila mmoja. Huo ndio mgawo. Baada ya hapo kila mmoja ana uhuru na fungu lake, na sisi tulikubaliana wote kutoligawa jengo. Kaka aliyeko Maskati aliandika kwa mkono wake kwamba fedha atakayotuma ni sadaka kwa mama, wala haimwongezei chumba. Ilikuwa karatasi moja tu, lakini ndiyo iliyotuwezesha kuendelea kuongea vizuri.

Kama kiwanja hakina karatasi, huu ndio wakati. Ardhi ya kijiji hupimwa na kupewa hati miliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Anzeni kwa mtendaji wa kijiji, na majirani wa mipaka yote minne wawepo. Mkiandikisha, msiandike jina la mwenye fedha peke yake.

3. Laleni humo kwanza

Siku tatu, si saa tatu. Mje na mikeka, mpike kwenye mafiga yale yale. Usiku mtasikia paa linalialia wapi. Alfajiri mtajua kwa nini kitanda cha mama kilikuwa upande ule: dirisha lake linatazama njia, na aliyekuwa akirudi usiku hakuweza kupita bila kuonekana. Fundi asiyejua hilo angeliziba dirisha ili apate ukuta wa kabati.

Piga picha kila chumba kutoka kila pembe, na picha ya karibu ya kila ufa. Kisha mkalisheni mtu aliyeishi naye, kwetu alikuwa mama mdogo, mtembee naye chumba kwa chumba, simu ikirekodi. Msimuulize “mama alipenda nini”, atawajibu mambo ya msibani. Muulizeni: mtungi ulikaa wapi? Mkaa aliuficha wapi mvua ikinyesha? Kuku walilala wapi? Mama mdogo alituonyesha mahali kwenye sakafu ya baraza ya nyuma, pamebonyea kama sahani, ambapo mama aliweka mbuzi ya kukunia nazi kwa miaka yote ile. Fundi alishaandaa udongo wa kupajaza. Tukamwambia pale pasiguswe, akacheka, akapazungushia kamba.

Mwisho wa siku ya tatu andikeni orodha mbili: vya kutengeneza na vya kutoguswa. Ya pili ndiyo ngumu. Ibandikeni mlangoni.

4. Paa kabla ya ukuta

Ukuta wa udongo una adui mmoja, maji, na paa ndiyo kinga yake. Usikandike hata kiganja kimoja kabla paa halijakaa sawa.

Panda na fundi, au mtume kijana mwepesi mwenye simu. Tazameni kenchi na pau kwa unga wa bungua (wadudu wanaotoboa miti), ule unaodondoka kama unga wa muhogo. Gongeni kila mti kwa mgongo wa panga. Mti mzima hulia kwa mlio mkavu, uliooza hujibu kwa sauti ya debe lenye nguo. Mabati yenye kutu ya juujuu hukwanguliwa na kupakwa rangi. Yaliyotoboka hubadilishwa. Dukani utaulizwa geji: namba ikiwa ndogo bati ni nene zaidi, kwa hiyo geji 28 inashinda 30, na nyumba inayokaa muda mwingi bila mtu wa kuipandia inastahili nene. Msumari upigwe kwenye mgongo wa bati, usipigwe kwenye bonde ambako maji hupita, na kila msumari uwe na mpira wake.

Upenu utoke nje angalau sentimita 60. Nyumba nyingi za zamani zilikuwa na upenu mrefu zilipokuwa na makuti, kisha bati lilipowekwa watu wakabana fedha, upenu ukafupishwa, na tangu hapo ukuta ukaanza kuliwa chini. Ukiona ukuta umemomonyoka kwenye kimo cha goti, usiulaumu udongo, tazama juu.

5. Nguzo na mchwa

Chimbeni mguu wa kila nguzo kwa kina cha mkono. Mchwa huacha vijia vya udongo kama mishipa. Vivunjeni, mrudi kesho yake mtazame kama vimejengwa upya.

Nguzo iliyoliwa hubadilishwa bila kubomoa ukuta: weka tegemeo mbili kubeba paa, toa udongo wa upande mmoja tu wa ile nguzo, itoe, simika mpya, funga fito zake. Nguzo mbili kwa siku zinatosha. Fundi wetu alikuwa na haraka, akang'oa nne mchana mmoja, na kona nzima ya chumba cha wavulana ikakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka. Hakuna aliyeumia, ila tulipoteza wiki.

Miti ya zamani ilikuwa mikoko, mkandaa hasa, na mchwa huichoka. Leo mikoko haikatwi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, wala usinunue ile inayoletwa usiku. Kwetu tuna bahati ya shamba la miti la Longuza, hapo hapo wilayani, ambalo ni la mitiki. Nguzo za mitiki zenye moyo mzima zinasimama vizuri. Chini ya kila nguzo laza jiwe bapa. Sehemu itakayozikwa wengi huipaka oili chafu. Inasaidia, ila kama kisima kiko karibu acha, uichome juujuu kwa moto mpaka iwe nyeusi.

6. Udongo ule ule

Ukuta ulioanguka msiutupe. Ule udongo ulishapitia mvua na jua miaka mingi, nao ni bora kuliko mtakaochimba leo. Upondeni, mchague mizizi, mlowanishe siku mbili tatu kwenye shimo.

Kujua kama unafaa, finyanga ukamba mnene kama kidole gumba, usukume taratibu utokeze nje ya ukingo wa meza. Ukikatika kabla ya sentimita 5 una mchanga mwingi; ukivuka 15 bila kukatika ni mfinyanzi mtupu, utapasuka ukikauka, uongeze mchanga. Kisha tia nyuzi. Watu wa zamani walitia majani makavu. Sisi tuko mkoa wa mkonge, tukatia katani iliyokatwa vipande vya urefu wa kidole. Ukuta haukupata ufa wa maana.

Fanyeni msaragambo, kazi ya pamoja na majirani. Kukanyaga udongo na kutomea ni kazi ya wengi, na kijijini wanaoijua kwa mikono yao ni kinamama wa rika la mama. Pikeni wali wa kutosha, msiwalipe kibarua, msiwapange. Siku ile nilijifunza zaidi kuhusu mama kuliko siku arobaini za msiba, maana mikono ikiwa na udongo watu husahau kupamba maneno. Nilisikia mara ya kwanza kwamba ukuta wa jikoni aliukandika peke yake, mimba ya ndugu yangu wa mwisho ikiwa ya miezi saba, kwa sababu baba alisema atauona kesho.

Ukuta ukiwa bado mbichi ukwaruzeni kwa vidole na kubandika vijiwe vidogo ili chokaa ipate pa kushika. Halafu muuache. Mwezi mmoja kwa uchache, na usipapaswe na mtu.

7. Chokaa

Sasa kosa langu. Mwaka niliopata kazi Dar es Salaam nilituma mifuko kumi na miwili ya saruji, fundi akampigia mama lipu nyumba nzima, ikang'aa kama ofisi ya kata. Mama alinishukuru na kuniombea dua ndefu kwenye simu. Masika ya kwanza yakapita. Ya pili, ukuta wa magharibi ukawa ukiugonga unalia “bo, bo”, na usiku mmoja kipande kikubwa kama mlango kikaanguka chini chote kwa pamoja. Nyuma yake udongo ulikuwa umelowa kama ugali usioiva, na mchwa wamejaa.

Sababu yake ni rahisi, nami niliijua baadaye. Ukuta wa udongo hunywa unyevu kutoka ardhini na kuutoa kwa kupumua. Saruji ni ngumu na haipitishi. Unyevu hukwama nyuma yake, udongo hulainika, lipu hubaki imesimama yenyewe kama ganda. Chokaa hupitisha unyevu, na ukuta ukicheza kidogo nayo hucheza. Mama hakuniambia. Nilipofika Idi nilikuta mkeka mpya umetundikwa pale, mkeka mzuri wa rangi, na nikausifia.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya chokaa, kama nyumba iliwahi kupigwa saruji, ni kuibandua yote. Tumieni patasi na nyundo ndogo, muanzie pale panapolia. Msipige kwa hasira.

Chokaa ya mifuko inapatikana Tanga mjini kwa urahisi, kwani mawe yake yako upande wa Amboni. Itieni kwenye pipa la maji angalau wiki moja kabla ya kazi, maji yaizidi juu kwa kiganja, mfunike. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Vaeni glavu na miwani. Chokaa huunguza, na ikiingia jichoni ni maji safi mengi papo hapo kisha zahanati. Watoto wasichezee pipa.

Mchanganyiko ni ndoo moja ya chokaa kwa ndoo tatu za mchanga wa mto uliochekechwa. Mchanga wa bahari una chumvi, na chumvi hurudi kutoka ukutani kila mwaka kama mdai. Tabaka la kwanza tieni katani, unene wa sentimita moja hivi. Nyunyizieni ukuta maji kabla ya kupiga. Subirini wiki au siku kumi, ndipo la pili, jembamba zaidi, bila katani.

Chokaa haipendi jua kali. Inakomaa kwa kuvuta hewa polepole, na ikikaushwa ghafla hugeuka vumbi. Ndiyo maana kazi hii ifanywe kipupwe, Juni mpaka Agosti, masika yameshakwisha na jua halijachacha. Tundikeni magunia yaliyolowa mbele ya ukuta, mrashe asubuhi, mchana na jioni kwa wiki nzima. Mafundi wengi watakuambia unapoteza muda. Mlipe kwa siku za kurasha pia, utaona muda umepatikana.

Ya mwisho ni kupaka. Kabla hamjabandua lipu ya zamani kokote, chukueni kipande kimoja kidogo, kivunjeni kwa ukingo, mkitazame mwangani. Cha kwetu kilitoka nyuma ya mlango wa chumba cha mama, mahali saruji haikufika. Kilikuwa na matabaka membamba kama karatasi, meupe na ya buluu yakipishana. Mama alikuwa akipaka nyumba kila mwisho wa Ramadhani, na miaka aliyoweza kupata buluu ya kufulia aliitia kwenye chokaa. Tulihesabu matabaka ishirini na tatu, kisha yakaanza kushikana tusiweze kuyatenganisha. Dada alikifunga kile kipande kwenye leso na hajakirudisha.

Chokaa ya kupaka iwe nyepesi kama maziwa, ichujwe kwa kanga chakavu, itiwe chumvi kidogo ishike. Ukuta ulowe. Mara nne au tano nyepesi, si mara moja nzito. Ikiwa mbichi utadhani hujapaka kitu. Kesho yake itageuka nyeupe.

8. Mnavyoongeza

Choo cha kisasa wekeni, mama mwenyewe angekitaka, ila shimo likae mita 30 au zaidi kutoka kisimani na upande wa chini wa mteremko. Nyaya za umeme zipite juu ya ukuta kwenye mabomba yake, msichonge udongo. Sakafu za vyumba zipigwe upya kama mnapenda. Jiko la moshi liacheni lifanye kazi hata kama mna gesi, kwa sababu moshi ule ndio unaowafukuza bungua kwenye miti ya paa. Nyumba ya shamba isiyofuka moshi huliwa upesi.

Na vyombo. Kinu, mchi, ungo, mtungi, virudi mahali pake na vitumike. Sikubaliani na wanaogeuza chumba cha mama kuwa makumbusho ya kufungwa kwa kufuli. Kitanda chake kilaliwe. Asumini aliyopanda chini ya dirisha ikatwe matawi makavu, imwagiwe maji, itachanua.

9. Nani atakaa

Swali hili lijibiwe kabla fundi hajaondoka. Kwetu ni binamu na mkewe, bila kodi, kwa sharti la kuwasha moto, kufagia uani na kutupigia simu bati likilegea. Andikianeni, hata kama ni ndugu, hasa kama ni ndugu. Mfuko wa matengenezo ukae kwa mtu mmoja na hesabu ionekane na wote.

Mkitaka nyumba isiuzwe kamwe, warithi wote mnaweza kuiwekea wakfu mbele ya sheikh na mashahidi. Wakfu hauuzwi, haurithiwi wala hautolewi zawadi, kwa hiyo fikirini kwanza. Sisi tuliona hilo ni zito kwa jengo zima. Tukaweka wakfu kisima na kipande cha njia kinachokifikia, kwa nia ya mama, na jirani yeyote huchota.

Mkesha wa Idi ya kwanza tulipaka. Mama mdogo alikaa barazani na beseni, anakoroga buluu kwa kijiti, anapaka kwenye kucha, anatazama. Tukamwambia imetosha. Akasema, “Ya mama yenu ilikuwa nzito kidogo,” akaongeza nusu kijiko.

Mfuko mmoja wa chokaa ubaki nyuma ya mlango wa chumba chake, juu ya ubao usiguse sakafu, na pakiti ya buluu juu yake.